Majina ya Kichwa Nguvu

Daftari la Aimée lilirudi Jumatatu asubuhi likiwa na wino mwekundu ambao mwalimu wake hakuutia. Godelive aliuona alipokuwa anapita kati ya madawati kukusanya kazi za nyumbani. Kila mahali ambapo yeye aliandika ubaoni *childs*, na mtoto akanakili *childs*, palikuwa na mstari mzito. *Foots*, mstari. *Tooths*, mstari. *Womans*, mstari. Chini ya ukurasa, kwa Kifaransa chenye adabu kali, mama yake Aimée aliandika kwamba mtoto wake hakukosea lolote katika kunakili, na kwamba angependa kujua makosa hayo yalitoka wapi.

Godelive akalifunga daftari. Watoto hamsini na wawili wa mwaka wa sita walikuwa wanamtazama. Akawapa hesabu za kugawanya zilizowashika mpaka mapumziko, na muda wote huo akasimama karibu na dirisha, uso unamwaka moto.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza darasani. Sarufi ya Kifaransa aliijua kama alivyojua njia ya kutoka Nyantende, alikozaliwa, mpaka mjini: hata penye tope aliweka mguu bila kutazama. Lakini Kiingereza kilimwangukia mwezi wa tisa. Wazazi walikuwa wanauliza; nchi imeingia katika jumuiya ya Afrika Mashariki, walisema, na kesho watoto wataenda kusoma Kampala. Mkurugenzi wa shule, Bwana Polycarpe, aliwakusanya walimu wake akauliza nani alisoma Kiingereza sekondari. Godelive akainua mkono, na alipogeuka akaona ni wake peke yake.

Daftari lake la sekondari alikuwa bado nalo. Ukurasa wa nomino ulisema: kwa wingi, ongeza *s*. Kurasa zilizofuata zililiwa na maji mwaka ule mvua ilipobeba mabati ya nyumba yao. Yeye akaona sheria hiyo inafanana na ya Kifaransa, akaiamini, akaifundisha kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Somo la kwanza hata lilikuwa la furaha. Aliwaeleza kwamba nomino ni jina: jina la mtu, la mahali, la kitu. Kwa Kifaransa neno ni moja, *nom*, na kwa Kiswahili cha Bukavu ni moja, jina, lakini Waingereza wanalo *name* la mtu na wanalo *noun* la sarufi. Mvulana mmoja mrefu, Cirhuza, aliposimama kujitambulisha akasema, "My noun is Cirhuza," na darasa zima likacheka, na Godelive pia.

Sasa hakucheka. Wakati wa mapumziko alikwenda ofisini na daftari la Aimée mkononi.

Mkurugenzi alisoma ukurasa mara mbili, mpaka chini kwenye sahihi ya mama yake Aimée, Maman Fanny.

"Maman Fanny anafanyaka kazi mu ONG ya misaada," alisema. "Kila siku anasema Anglais na bazungu. Ni kweli hivi ameandika?"

"Ni kweli, Monsieur le Directeur. Nimeangalia mu telephone. Mimi njo nilikosa."

Mkurugenzi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na barua za wazazi. "Bon. Usirudie ile mambo tena. Ruka, uende ku chapitre ingine. Batoto banasahau mbio. Mwalimu akijikosoa mbele ya batoto, kesho batamuuliza kama mbili na mbili iko ine kweli."

"Na majina balishaandika?"

"Itapotea yenyewe. Ama tufanye hivi: niko na kijana moja, amemaliza université. Naweza kumupatia saa ya Anglais kuanzia kesho. Hakuna haya ndani, maman. Wewe una kazi mingi."

Ilikuwa njia ya kutokea, na mlango aliushika mtu mwingine ili yeye apite. Godelive aliona jinsi ambavyo angepita: hakuna ambaye angesema neno, na watoto wangebaki na *childs* kichwani mpaka siku mtu awacheke mahali ambapo kucheka kunauma.

"Unipatie majuma tatu," alisema. "Mpaka siku ya bazazi. Siku ile bo benyewe batauliza batoto. Kama batoto habajue, huyo kijana nitamupatia chaki mimi mwenyewe, na mukono yangu."

"Na usiseme kintu kwa batoto."

Godelive alichukua daftari la Aimée mezani. Aliomba ruhusa, akatoka.

Simu ilimsaidia kidogo tu. Ilimwonyesha *teeth*, lakini hakujua ulimi unaishika vipi. Halafu simu inajibu unachouliza. Usichojua kuuliza haikuambii. Alihitaji mtu. Na mtu huyo alikuwepo, tena kwenye barabara yake mwenyewe, kule mtaa wa Panzi.

Clémence alikuwa anasuka nywele chini ya turubai kando ya njia, na benchi moja na kioo kilichofungwa kwenye nguzo ya turubai. Mara nyingi Godelive alimsikia akizungumza Kiingereza kwenye simu, upesi upesi, akicheka, na marafiki aliowaacha Uganda kwenye kambi ya wakimbizi. Mwaka mzima alimpita kwa "jambo" moja tu. Alikuwa amesikia kwamba Clémence aliacha shule mwaka wa pili wa msingi, vita ilipowakimbiza kutoka Bunyakiri, na moyoni mwake alimweka pale pale, mwaka wa pili.

Siku hiyo alisimama.

"Jambo maman," alisema Clémence. "Karibu. Unataka ya namna gani?"

"Sikuye kusukwa. Nakuya juu unifundishe Anglais."

Clémence alimtazama kuona kama ni dharau. "Mimi? Maman mwalimu, mimi hata jina yangu siandike."

"Lakini unasema."

"Kusema, nasema. Kule kama hausemi, unalala njaa."

"Basi uniambie. Mutoto moja, *child*. Bakiwa mingi?"

Clémence hakufikiri hata kidogo. Alisimama, akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti kama mlinzi wa foleni: "Men this side! Women this side! Children in front! Children, children, in front!" Watu wawili njiani wakageuka. Akakaa tena. "Miaka munane nilisikia ile, kila mwezi, siku ya kugawa unga. Banaume huku, banamuke huku, batoto mbele. Hakuna hata siku moja balisema *childs*."

Godelive aliandika maneno matatu kwenye daftari lake. Alikuwa ameyasoma kwenye simu asubuhi, lakini sasa yalikuwa na sauti.

"Na meno?"

"*Teeth*. Ule infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa anasema: show me your teeth. Moja likitoka, ni *tooth*. Miguu ni *feet*. Feet, ya kuvuta. Sema."

"Fit."

"Hapana. Vuta kama unaita muntu mbali. Feeet."

"Feeet."

"Njo ile."

Kisha Godelive akashika kichwa chake. "Na hii?"

"*Hair*."

"Iko mingi. *Hairs*."

"*Hair*, maman."

"Lakini ona vile iko mingi!"

"Nimesuka banamuke ba inchi mingi kule. Hakuna moja aliniambia nimusuke *hairs*."

"Juu ya nini?"

"Mimi sijue juu ya nini. Ni vile." Clémence akavuta benchi kwa mguu. "Ikala hapa. Siwezi fundisha muntu mikono ikiwa bure. Na wewe unifundishe kuandika. Siyo mingi, message tu. Rafiki yangu alibaki kule. Yeye ananiandikia, mimi narudisha paka audio tu. Anazania sipende kumujibu."

Juma zima, baada ya shule, Godelive alikaa kwenye benchi lile. Clémence alisuka mistari miwili, mitatu, akafumua, akasuka tena, huku akitaja vitu vyote alivyowahi kuvitaja Uganda: visu, majani, panya, nyumba, mchele, sabuni. Kila alipomaliza, walibadilishana. Godelive alimwandikia herufi kwenye karatasi na Clémence akazifuata kwa kalamu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Vidole vilivyosuka nyuzi nyembamba kuliko sindano vilishindwa na herufi *g*. Alikasirika, akairudia ukurasa mzima, na ukurasa wa pili.

Ijumaa, saa ya Kiingereza, Godelive aliingia darasani akaandika ubaoni yale maneno manne: *childs, foots, tooths, womans*. Akageuka.

"Ni nani aliwafundisha hizi?"

Watoto walifikiri ni mtego.

"Ni mimi," alisema. "Niliwafundisha mubaya. Sikujua, na sikutafuta kujua mbele ya kuwafundisha. Ninawaomba pardon. Leo tunafuta hizi zote, tunaanza upya."

Akachukua chaki, akapiga mstari juu ya kila neno, moja moja, bila haraka. Nyuma yake alisikia benchi likilia. Cirhuza alikuwa amesimama.

"Madame. Mu interro mimi niliandika *children*. Dada yangu njo aliniambia. Ukanipatia sifuri."

Hilo Godelive hakuwa analikumbuka. Lilimpiga kuliko wino mwekundu wa mama yake Aimée, kwa sababu huyu mtoto alikuwa amejua, na yeye ndiye aliyemtoa kwenye ukweli akamweka kwenye kosa.

"Leta ile karatasi."

Cirhuza alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya daftari. Godelive akaifungua juu ya meza. Mtoto aliandika *children* kwa herufi nzuri, na pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu, kulikuwa na alama ya kosa na amri: soma somo lako. Godelive akaifuta amri ile, akaandika alama mpya, akatia sahihi yake. Kisha akampa karatasi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

"Ulikuwa na haki," alisema, mbele ya wote. "Mimi nilikosa."

Cirhuza aliitazama alama ile, hakujua afanye uso gani. Alikaa.

Mambo yalikwenda kama mkurugenzi alivyosema, na pengine zaidi. Jumatatu msichana mmoja aliuliza kama Madame ana hakika mto Ruzizi unatoka ziwani na siyo kuingia. Jumanne ilikuwa hesabu. Kila alipoandika kitu, mikono mitano ilipanda: "Madame, ni kweli?" Mwanzo aliumia. Usiku wa pili aliwaza kwamba amevunja kitu ambacho mwalimu akishakivunja hakijengeki. Lakini asubuhi aliamka, akavaa, akapanda mlima wa Muhungu kwa miguu mpaka shuleni, na mkono ulipoinuka akajibu: "Tuangalie pamoja." Walifungua kitabu. Mara tisa kati ya kumi alikuwa sawa. Mara ya kumi alishukuru. Mwisho wa juma la pili mikono ilipungua, na iliyobaki ilikuwa ya watoto waliotaka kujua kweli.

Mkurugenzi alimwita. "Nilikuambia usiseme kintu."

"Uliniambia, Monsieur le Directeur."

"Na ukasema."

"Nilisema. Kulikuwa mutoto nilimupatia sifuri ya bure. Nisingeweza kuirudisha kimya kimya."

Mkurugenzi akamwambia siku zilizobaki mpaka siku ya wazazi ni tisa.

Godelive alizitumia zote. Aligawanya ukuta wa darasa kwa mstari wa chaki. Upande mmoja walibandika nomino zinazotii sheria: *book, books, house, houses*. Upande wa pili zile zinazokataa. Watoto wenyewe walizipa jina: majina ya kichwa nguvu. Kila mtoto aliyeleta moja aliibandika mwenyewe. Walizileta kutoka kwa ndugu wakubwa, kwa wapangaji, kwa padri, na kabla ya kubandikwa kila moja ilipita kwenye benchi la Clémence ipimwe kwa sikio.

Zisizohesabika ndizo zilimsumbua. Alieleza siku mbili na watoto hawakuelewa kwa nini *water* haina wingi. Siku ya tatu aliwatoa uani, kwenye bomba la shule, ambako bidoni za njano zilikuwa zimepangwa zikingoja maji yarudi.

"Cirhuza, nihesabie bidon."

"Kumi na moja, Madame."

"Sasa nihesabie maji."

Cirhuza aliinama juu ya bidoni iliyojaa nusu. Akachovya kidole. "Maji haihesabike, Madame. Paka bidon tu."

"Basi Waingereza bako sawa na wewe. Hesabu bidon, uache maji. *Eleven jerrycans of water*. Na nywele ya Aimée?"

Watoto walimzunguka Aimée na kuanza kuhesabu mpaka akawakimbia akicheka, na siku ile *hair* iliingia vichwani mwao bila kulazimishwa.

Juma la mwisho alimleta Clémence shuleni. Mkurugenzi alimzuia mlangoni. "Huyu iko na diplôme gani?"

"Hana," alijibu Godelive. "Lakini anasikia kosa mbele mimi niisikie. Nusu saa tu, na mimi nitakuwa ndani."

Clémence alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, na alitaka kurudi nyumbani. Godelive alimshika mkono. Wakaingia. Dakika tano za kwanza sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. Kisha aliwapanga watoto uani, akaweka mkono kiunoni, na ile sauti ya foleni ikatoka. *Men this side! Women this side!* Watoto walikimbia huku na huku wakipaza maneno yale, na hakuna aliyejua kwamba aliyewafundisha mchezo huo aliujifunza akiwa na mtoto mgongoni na sahani tupu mkononi. Godelive alijua, kwa kuwa aliambiwa kwenye benchi. Aliona jinsi Clémence alivyogeuka kidogo, akajipangusa uso na ncha ya kitenge, kisha akaendelea, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo.

Siku ya wazazi, darasa lilijaa mpaka mlangoni. Maman Fanny alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti. Watoto walitaja nomino za ukutani moja moja, za kutii na za kukataa, na wazazi wengi walipiga makofi bila kuelewa. Kisha Maman Fanny akainua mkono.

"Naweza kuuliza moja haiko ku ukuta?"

Mkurugenzi alimtazama Godelive. Godelive akasema ndiyo.

"Kondoo ni *sheep*. Zikiwa kumi?"

Cirhuza alisimama. "*Ten sheeps*."

Maman Fanny akatikisa kichwa. Mzazi mmoja nyuma akaguna. Godelive alihisi macho yote yakihamia kwake, na ukweli ni kwamba yeye pia angejibu vile. Kondoo haikupita kwenye benchi.

"Mimi pia sikuijua ile," alisema. "Maman, tusaidie."

"*Ten sheep*. Haibadilike."

Godelive alitazama Cirhuza, akiogopa kumwona ameinama. Lakini mvulana alikuwa tayari ameacha nafasi yake. Alichukua karatasi na kalamu mezani, akasimama mbele ya Maman Fanny. "Unaiandika namna gani?" Akaandika herufi alizotajiwa, akaibandika upande wa kichwa nguvu, akarudi kukaa kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Aimée aliinua mkono. "Madame, hata sisi ni vile! Kondoo moja, kondoo kumi."

"Na samaki!" alisema mwingine. "Samaki moja, samaki kumi."

"Na simba!"

Darasa likachemka. Kila mtoto alitaka kutafuta kwenye Kiswahili chake jina lisilobadilika, na baba mmoja kutoka nyuma akatupia la kwake kwa Mashi, lugha ya kwao, likazua mabishano. Maman Fanny alijaribu kuuliza swali lingine, hakuna aliyemsikia, na mwishowe alicheka.

Wazazi walipokuwa wanatoka, alimsogelea Godelive. "Madame, ile siku niliandika na hasira."

"Uliandika vizuri. Ungeniacha, ningeendelea."

"Sikuzania utaomba batoto pardon."

"Endelea kuangalia daftari yake," alisema Godelive. "Ukiona kosa, niandikie. Lakini uniandikie mimi, usipige mustari ku kazi ya mutoto."

Maman Fanny alikubali kwa kichwa, akamshika Aimée mkono, wakashuka.

Mkurugenzi alibaki peke yake mbele ya ukuta, mikono nyuma, akisoma karatasi zile kama mtu anayetafuta kosa la mwandiko. Godelive alikuwa anarudisha madawati mahali pake.

"Ule kijana wa université," alisema mkurugenzi bila kugeuka, "nitamwambia atafute fasi ingine. Anglais ya mwaka wa sita ibaki na wewe. Na mwaka wa tano pia, kama utapenda."

"Nitapenda. Lakini uruhusu Clémence akuye kila Ijumaa."

"Hana diplôme, maman."

"Ijumaa moja kwa juma, Monsieur le Directeur. Bila yeye mwaka wa tano siukamate."

Mkurugenzi alivuta pumzi, akaitoa polepole. "Saa ngapi?"

"Saa ine."

Aliiandika kwenye kijitabu chake, akatoka. Godelive alirudisha dawati la mwisho, akakaa juu yake, akafungua kitabu cha Kiingereza kwenye sura ya vivumishi. Alisoma ukurasa wa kwanza. Mistari mitatu hakuielewa. Akachukua kalamu, akaiwekea alama zote tatu, kisha akaanza tena kutoka juu.